Glasi mezani kwa matajiri wa Amerika ya kikoloni: kwa nini chombo cha kuvunjika kilimpa mtu hadhi kuliko vyombo vya fedha?

Mpenda Makumbusho (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa vita vya uhuru wa Marekani mdau mmoja aliandika kwamba ukitaka kumjua tajiri wa makoloni yale ya Mwingereza, hesabu vyombo vyake vya madini ya fedha. Hoja ina uzito, ila mimi naona kuna chombo kilichomtambulisha mtu kwa ukali zaidi, nacho ni glasi ya mvinyo. Nimefungua uzi ili tulijadili kwa nafasi.

Tuanze na maisha ya wengi katika karne ya 17. Mkulima wa tumbaku wa Virginia au Maryland aliishi kwenye nyumba ya mbao ya chumba kimoja au viwili. Viti vilikuwa haba, watu walikalia masanduku na mabenchi. Walinywea bakuli la mti, kibuyu, kopo la ngozi au kikombe cha udongo. Aliyejiweza kidogo alikuwa na vyombo vya pyuta, yaani bati lililochanganywa na madini mengine. Na chombo hakikuwa cha mtu mmoja. Kikombe kilizunguka mkono kwa mkono, baba, mama, mgeni na kibarua, wote wakinywea ukingo ule ule.

Tunayajua haya kwa msaada wa mahakama. Mtu akifariki, majirani waliteuliwa waingie nyumbani kwake na kuandika mali yote pamoja na bei yake, mara nyingi chumba baada ya chumba, hata sufuria iliyotoboka. Orodha hizo za mirathi zimebaki kwa maelfu. Katika zile za karne ya 17, glasi ya kunywea unaitafuta kwa tochi.

Si kwamba hamu ya kioo haikuwepo. Mwaka 1608, mwaka mmoja tu baada ya kuanzishwa Jamestown, makazi ya kwanza ya kudumu ya Waingereza huko Virginia, Kampuni ya Virginia ilileta mafundi wa Kijerumani na Kipoland wawashe tanuru la kioo pembezoni mwa msitu. Mchanga ulikuwepo, kuni hazikuwa na mwisho. Sampuli chache zikapelekwa Uingereza, kisha ikaja njaa ya 1609 na 1610 iliyoua wakazi wengi, kazi ikafa. Mwaka 1621 wakajaribu tena kwa mafundi wa Kiitaliano, nako kukashindikana ndani ya miaka michache. Aliyetaka glasi nzuri ikabidi aagize ng'ambo, na hali ikabaki hivyo kwa zaidi ya karne.

Sasa nije kwenye hoja yangu.

Vyombo vya fedha vilikuwa akiba. Makoloni hayakuwa na benki kama tunazozijua. Mtu akipata sarafu nyingi alizipeleka kwa sonara zikayeyushwa kuwa kikombe kikubwa chenye herufi za jina lake. Akikwama, kikombe kinapimwa kwa uzito na kuuzwa. Hata sahani ya pyuta iliyochakaa ilirudishwa kwa mhunzi ikamiminwa upya. Mwenye vyombo vya fedha alikuwa anakula na kunywea mtaji wake bila kuupunguza.

Glasi haina marejeo hayo, ikianguka imekwenda. Ndiyo maana majirani wale wa mahakama mara nyingi waliiandika kwa mkupuo, "fungu la glasi", na kuipa bei ndogo. Anayesoma safu ya bei peke yake ataruka mstari huo asijue kwamba ameruka kitu kizito. Maana ili uwe na glasi dazeni zenye miguu mirefu mezani, lazima uwe na wakala London anayekukopesha kwa dhamana ya tumbaku yako, kama George Washington alivyokuwa na Robert Cary & Company. Lazima mzigo ufungwe kwa majani makavu, uvuke Atlantiki kwa wiki kadhaa, na ukubali kwamba baadhi zitafika vipande. Uwe na meza ya kulia, kitambaa, kabati lenye kufuli, mvinyo wa kustahili glasi hiyo, na mtu wa kuiosha bila kuivunja. Zikivunjika, na zitavunjika tu, uagize nyingine msimu ujao pasipo kununa.

Kwa hiyo glasi ilipima uwezo wa kupoteza, na kwangu huo ni utajiri wa daraja jingine.

Kuna na uzuri wenyewe. Mwaka 1674 Mwingereza George Ravenscroft alipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya kioo angavu alichokitengeneza London, na kwa kuongeza oksidi ya madini ya risasi kikatoka kioo kizito, cheupe kama maji, kinacholia kama kengele ukikigonga kwa ukucha. Kabla yake sifa zote zilikuwa za Venisi. Kisha mwaka 1745 Bunge la Uingereza likaweka ushuru wa kioo kwa uzito. Mafundi wakapunguza unene, na urembo ukahamia ndani ya mguu wa glasi: nyuzi za hewa zilizosokotwa, baadaye nyuzi za kioo cheupe kama maziwa. Vipande vya miguu ya namna hiyo bado vinafukuliwa kwenye viwanja vya nyumba kubwa za Virginia. Mimi nikiviona kwenye kabati la makumbusho nasimama palepale, vimenizidi.

Karibuni.

Mama Ntilie wa Historia

Naweka kambi hapa. Swali langu mkuu: glasi si zilikuwepo hata kwenye vilabu vya pombe vya wakati ule? Kama mlevi wa barabarani aliweza kushika glasi, hadhi iko wapi?

Mpenda Makumbusho

Swali zuri, dada yangu. Zilikuwepo, na si kidogo. Nyumba za wageni za mjini zilikuwa mahali pa siasa, mnada, dansi na biashara. Williamsburg, mji mkuu wa koloni la Virginia, kulikuwa na mwenye nyumba ya wageni Henry Wetherburn, aliyefariki 1760. Orodha ya mirathi yake, pamoja na vipande vilivyofukuliwa kiwanjani kwake miaka ya 1960, ndiyo iliyowasaidia watafiti kurudishia vyombo kwenye nyumba ile.

Ila angalia nani alikunywa nini, na kwa namna gani. Mnywaji wa kawaida alipewa saida, ambayo ni pombe ya matufaha, au bia, kwenye kopo la udongo au pyuta. Kundi la marafiki liliagiza panchi: ramu, sukari, ndimu, maji na viungo ndani ya bakuli kubwa. Sehemu nyingi bakuli lenyewe lilizungushwa, kila mtu akapiga funda na kumpa jirani. Kwenye chumba cha faragha cha waungwana panchi ilitekwa kwa upawa na kumiminwa kwenye glasi, kila mtu na yake. Nyumba moja, usiku mmoja, kinywaji kimoja, na bado unaweza kupanga watu kwa daraja kwa kutazama chombo tu.

Kijana wa Kitumbini

Mkuu, hii mbona ni kama kabati la vyombo la bibi zetu? Glasi za wageni zimepangwa nyuma ya kioo, mtoto ukizisogelea unakula kofi. Zinatoka Idi na Krismasi.

Mzee Shaban

Kijana, umegusa kitu, lakini kuna tofauti usiiache ipite. Za bibi zako ziliheshimiwa kwa kutotumika. Hawa anaowazungumzia mwenye uzi walizitumia kila wiki mbele ya watu. Mtoa mada, nirekebishe kama nimekwenda kombo.

Mpenda Makumbusho

Shikamoo mzee. Umelenga kabisa, na naongeza jambo moja. Kwenye nyumba za kitajiri za katikati ya karne ya 18, mara nyingi glasi hazikupangwa mbele ya walaji kama hoteli za leo. Zilikaa kwenye meza ya pembeni. Mgeni akihitaji kunywa alimwashiria mhudumu, ambaye alileta glasi iliyojazwa juu ya sinia dogo, akasubiri inywewe, akairudisha na kuisuuza. Kulikuwa na mabakuli maalumu yenye ukingo wa mawimbi ambako glasi zilining'inizwa kwa vitako, vikombe vyake vikizama kwenye maji ya baridi. Chakula kikiisha, kitambaa kiliondolewa, chupa za mvinyo zikawekwa juu ya mbao iliyong'arishwa, wanawake wakatoka na wanaume wakaanza kunyanyua glasi kwa afya ya mfalme, ya gavana, ya mabinti wa mji. Kuketi pale ilibidi ujue kuishika glasi kwa mguu, na ujue ni lini unywe na lini usubiri. Mtu aliyepata pesa juzi alijulikana kwa vidole vyake.

Mvinyo wenyewe kwa kawaida ulikuwa wa Madeira, kisiwa cha Wareno. Sheria ya 1663 ililazimisha bidhaa za Ulaya zipitie Uingereza kabla ya kwenda kwenye makoloni, lakini mvinyo wa Madeira ulisamehewa, meli zikaupeleka moja kwa moja. Joto na mtikisiko wa safari ya baharini viliuongezea ladha badala ya kuuharibu.

Mzee Shaban

Marahaba mwanangu. Endelea.

Asha Mwanahistoria

Wapendwa, naomba tusimame hapo kwenye "mhudumu". Tumeandika aya nyingi kuhusu glasi na hatujamtaja aliyeziosha.

Katika Virginia, Maryland na Carolina, mhudumu huyo kwa kawaida alikuwa mtumwa, Mwafrika au mzaliwa wa Waafrika. Kuna mchoro wa wino wa Charleston, South Carolina, uliochorwa na George Roupell karibu mwaka 1760. Unamwonyesha Peter Manigault na rafiki zake wamezunguka meza, chupa zimejaa, glasi ziko juu, wanatakiana afya kwa vicheko. Pembeni yuko mtoto Mweusi anayewahudumia. Wachambuzi wengi huzungumzia fanicha na aina za glasi. Mimi kila nikiutazama jicho linakwenda kwa yule mtoto. Waliokaa wanajulikana kwa majina. Yake haikuandikwa.

Anayejulikana kwa jina ni Frank Lee, ndugu yake William Lee. Wote wawili walinunuliwa na Washington miaka ya 1760. William alimfuata bwana wake vitani, Frank akawekwa chumba cha kulia chakula cha Mount Vernon, nyumba ya Washington huko Virginia, na hatimaye akawa mkuu wa wahudumu. Glasi zile alizoagiza Washington kwa wakala wake zilipita mikononi mwa watu kama Frank kila siku, kuzipanga, kuzijaza, kuzisuuza, kuzifuta. Mwenye uzi anasema glasi ilipima uwezo wa kupoteza. Nakubali, ila aliyebeba hofu ya kuivunja hakuwa yule mwenye uwezo wa kuipoteza.

Na msisahau kilichokuwa ndani ya glasi. Sukari na ramu vilitoka Karibi, kwenye mashamba ya miwa yaliyokula watu. Meli za Rhode Island zilipeleka ramu pwani ya Afrika Magharibi kununua watu wengine. Kwenye bakuli moja la panchi biashara yote ile ilikuwemo.

Mpenda Makumbusho

Dada Asha, ahsante sana. Uzi ulikuwa na upungufu bila maneno haya, na ningependa kila anayefungua ukurasa ayasome kabla ya yangu.

Niongezee hapohapo. Wanaakiolojia walichimba shimo la chini ya nyumba walimoishi familia za watumwa wa Mount Vernon. Humo walikuta vipande vya kauri za Kichina na vyombo vya mezani vya udongo na vya glasi, pamoja na vifungo na viko. Vingine huenda vilishushwa kutoka nyumba kubwa baada ya kupitwa na mtindo au kumeguka ukingo. Lakini watumwa wa pale pia waliuza kuku na mboga kwenye soko la Jumapili la Alexandria, na senti walizopata walizitumia walivyotaka wenyewe. Kwa hiyo ukikuta kipande cha glasi kwenye makazi yao usikimbilie kusema ni makombo ya bwana. Mtu anaweza kufanya kazi kutwa kucha kwa ajili ya meza ya mwingine na bado akataka kitu kizuri kwenye ya kwake.

Fundi Maiko

Mimi ni mtu wa kazi za mikono, nauliza la kiufundi. Karne nzima wameshindwaje kutengeneza glasi wenyewe? Mchanga wanao, kuni wanazo.

Mpenda Makumbusho

Fundi, mchanga na kuni havikutosha. Tanuru lazima liwake mchana na usiku kwa miezi, vyungu vya kuyeyushia vistahimili moto bila kupasuka, na mpuliza kioo ni mtu aliyefundwa tangu utoto. Fundi wa namna hiyo akifika Amerika anakuta ardhi ya bei rahisi, anaacha tanuru anakwenda kulima. Halafu London haikutaka makoloni yajitengenezee, ilitaka wanunue.

Aliyefanikiwa kwa muda mrefu ni Caspar Wistar, Mjerumani wa Philadelphia aliyekuwa ametajirika kwa kutengeneza vifungo vya shaba. Mwaka 1739 alianzisha kiwanda kusini mwa New Jersey kwa mafundi wanne wa Kijerumani aliowaleta kwa mkataba. Lakini alitengeneza zaidi chupa na vioo vya madirisha. Meza ya mtu mkubwa iliendelea kungoja meli.

Kisha akaja Henry William Stiegel, naye Mjerumani, aliyewasili 1750 na kupata mali kwenye chuma. Alianzisha mji wa Manheim, Pennsylvania, na miaka ya 1760 akaingia kwenye kioo kwa nguvu zote. Hakulenga chupa, alilenga glasi za mezani za kushindana na za Uingereza. Bahati ikamwangukia: mwaka 1767 Bunge la Uingereza likaweka kodi zilizoitwa za Townshend, kwa jina la waziri aliyezileta, juu ya kioo, risasi, rangi, karatasi na chai. Wakoloni wakasusia. Ghafla kununua glasi ya Pennsylvania kukawa uzalendo, na mwaka 1769 Stiegel akafungua kiwanda kikubwa zaidi. Mwaka uliofuata Bunge likaondoa kodi zote isipokuwa ya chai, glasi za London zikarudi sokoni, na waungwana wakazirudia. Kufikia 1774 Stiegel amefilisika, akafungwa kwa madeni. Alifariki 1785 akiwa maskini. Ardhi aliyowapa Walutheri wa Manheim mwaka 1772 kwa sharti la waridi moja jekundu kila Juni bado inamkumbukisha, maana kanisa lile hulilipa kwa wazao wake.

Hadi leo ni vigumu kusema kwa uhakika glasi ipi ni ya Stiegel. Mafundi wake waliiga za Kiingereza na Kijerumani vizuri mno, kwa sababu mnunuzi hakutaka glasi inayoonekana imetengenezwa jirani. Hilo linanisikitisha kila nikilikumbuka.

Kijana wa Kitumbini

Na walalahoi je? Waliridhika tu na vikombe vya mti?

Mpenda Makumbusho

Hapana, na hapa ndipo matajiri walipokasirika. Mwaka 1744 daktari mmoja Mskoti wa Annapolis, Alexander Hamilton (si yule waziri wa kwanza wa hazina wa Marekani, huyu ni mwingine), alisafiri kwa farasi hadi New England na kurudi, akiwa na mtumwa wake Dromo. Katika koloni la New York yeye na mwenzake waliingia kibandani kwa familia maskini yenye watoto wengi. Wakakuta kioo cha kujitazamia chenye fremu ya kupakwa rangi, vijiko na sahani za pyuta zilizochakaa lakini zikimetameta kwa usafi, na vyombo vya chai. Yule mwenzake akakereka. Alisema hivyo vimezidi hadhi ya kibanda, viuzwe wanunue sufu ya kusokotea nyuzi, sahani za mti zingewatosha, na wakitaka kujiona wajitazame kwenye ndoo ya maji.

Hebu fikirini. Watu wamesugua sahani kuukuu mpaka zinang'aa, mgeni anakaa kwao anahesabu wasichostahili kuwa nacho. Nasimama upande wa wale wa kibandani moja kwa moja.

Na si wao tu. Benjamin Franklin alisimulia kwamba kwa muda mrefu kifungua kinywa chake kilikuwa mkate na maziwa kwenye bakuli la udongo la senti mbili na kijiko cha pyuta. Asubuhi moja akakuta bakuli la kauri ya China na kijiko cha fedha. Mkewe Deborah alikuwa amevinunua kwa shilingi 23, na utetezi wake ulikuwa mmoja: mume wake anastahili kama jirani yeyote.

Mama Ntilie wa Historia

Huyo Deborah nimempenda. Kumbe waamuzi wa vyombo walikuwa wanawake?

Asha Mwanahistoria

Mara nyingi ndiyo, dada. Mke ndiye aliyesimamia meza, hasa kitindamlo: glasi ndogo za jeli na za krimu iliyochapwa na mvinyo, zimepangwa ghorofa kwa ghorofa juu ya masinia ya kioo kama mnara katikati ya meza. Mnara ule ulikuwa sifa yake mbele ya wageni. Lakini kwa sheria ya Kiingereza mali ya mke aliyeolewa, vyombo vikiwemo, ilikuwa ya mume. Ndiyo maana glasi alizochagua, kuzipanga na kuzifungia kabatini zinasomeka kwenye orodha ya mirathi ya marehemu mumewe, bila jina lake.

Mzee Shaban

Swali la mwisho kwangu. Hadhi hiyo ya glasi ilikwisha lini?

Mpenda Makumbusho

Mzee wangu, ilipungua taratibu katika karne ya 18, glasi zilipoanza kuonekana hata kwa watu wa kati wa mijini. Iliyoiporomosha hasa ni mashine. Miaka ya 1820 Wamarekani walianza kukandamiza kioo cha moto ndani ya umbo la chuma badala ya kukipuliza. Kampuni ya Boston and Sandwich, iliyoanzishwa na Deming Jarves huko Massachusetts mwaka 1825, ikawa miongoni mwa zilizomwaga bidhaa hizo sokoni kwa bei ambayo mkulima aliimudu. Tajiri akahamia kioo cha kuchongwa kwa mkono.

Mdau wa Ughaibuni

Mimi nipo Maryland. Ningependa kuviona kwa macho, nianzie wapi?

Mpenda Makumbusho

Jamestown kuna mabaki ya matanuru ya kwanza, na mafundi wanapuliza kioo mbele ya wageni. Ule mchoro wa Charleston unatunzwa makumbusho ya Winterthur, Delaware, si mbali na ulipo. Kwa mkusanyo mpana wa kioo cha nyakati zote ni makumbusho ya kioo ya Corning, jimbo la New York. Mount Vernon ipo karibu nawe kuliko zote. Ukienda, tuletee maelezo ya vyombo vilivyofukuliwa kwenye makazi ya watumwa, maana nyumba kubwa picha zake zimejaa kila mahali.